Nyundo ya Robo Kilo

Lori hili limebeba chumvi miaka ishirini na sita,
Gongoni hadi Malindi, Malindi hadi Gongoni,
na chumvi, bwana, haishuki yote.
Magunia hushuka. Yenyewe hubaki
kwenye pembe za chesisi, chini ya boliti,
kati ya chuma na chuma pale vilipopigwa ribiti,
ikingoja umande wa alfajiri ianze kula.

Nilijua. Nisiseme sikujua.
Nilinunua kopo la rangi nyeusi
nikapaka usiku, kwa tochi ya simu,
juu ya magamba, juu ya tope, juu ya buibui mmoja
ambaye hakuwa na kosa.
Asubuhi likang'aa kama kiatu cha Idi.

Mnunuzi akaja saa tatu, kutoka Magarini,
Kadzo wa Mwambire, leso kaifunga kiunoni,
ataka lori la mananasi.
Hakutazama magurudumu. Injini hakuiuliza.
Alitoa mkobani nyundo ndogo, ya robo kilo,
akatandika gunia, akajisukuma uvunguni
kama atafutaye hereni chini ya kitanda.

Ngee, kikasema chuma. Ngee. Ngee.
Akasogea nyuma, penye hanga za springi.
Ngee.
Pu.

Akanyamaza. Nami nikanyamaza.
Akagonga tena, taratibu,
kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba ya msiba.
Pu, na kipande cha ukubwa wa biskuti
kikamwangukia kifuani,
upande mmoja cheusi, kibichi bado,
upande wa pili rangi ya ubuyu.

Akatoka, akanitia kipande kiganjani.
"Hiki chako. Mume wangu alinunua lililopakwa.
Lilivunjika mgongo karibu na daraja la Sabaki, na shehena juu.
Sasa hutembea na gongo."

Wala hakuondoka. Hilo ndilo lililoniuma.
Alikaa juu ya tairi bovu, akaomba maji, akasema:
"Ng'oa mbao. Toa kila kinachoficha.
Gonga mpaka chuma kiitike. Kisipoitika, kata,
usikibembeleze; tia bamba jipya, lichomelewe.
Kisha waya, kisha msasa, kisha maji,
si haya ya kisima chenu, nimeyaonja, chumvi tupu.
Nunua ya mfereji, madumu kumi, osha hadi ndani,
uliachie jua siku mbili.
Redi oksaidi, mikono miwili. Rangi baadaye.
Na ndani ya mihimili, burashi isikofika,
puliza girisi iliyoyeyushwa kwa oili.
Toboa tundu chini.
Chuma hakiogopi maji.
Chaogopa maji yaliyokosa pa kwenda."

Nikasema nitamwita fundi Lali, wa Maweni.
"Mwite. Lakini burashi ya waya ishike wewe."

Wiki tatu. Kutu niliila na chai,
niliilalia kwenye mto, nilikohoa rangi ya matofali.
Lali na grenda yake, cheche mpaka barabarani,
watoto wa chuo wakipiga makofi.
Na kwenye mhimili wa kushoto, nikikwangua,
chini ya nyeusi yangu nikakuta kijani,
chini ya kijani, nyeusi nyingine,
chini yake buluu ya zamani, na kutu baina ya zote.
Kumbe tulikuwa wanne,
kila mmoja kamuuzia mwenziwe kimya.

Kopo lililobaki sikulitupa. Lipo.
Nyundo nimenunua yangu.

Jana nikampigia. Hakuuliza bei.
"Kinasemaje?"
Nikaingia uvunguni, simu nikailaza kwenye mchanga,
nikagonga. Ngee, hadi kwenye meno yangu.
Nikangoja.
Simu ikakaa kimya, kisha sauti yake:
"Gonga tena. Nyuma zaidi."